Hafiki Robo

Jumanne, 12 Novemba 2024

Hayakuhusu, mbwa wangu, hajala. Ugali na dagaa umekaa kwenye sufuria tangu asubuhi mpaka kuku wakaumaliza. Kazi yake leo ni kuchimba tu. Amechimba nyuma ya choo, amechimba chini ya mpapai, sasa yuko stoo anapekua viroba vya mashudu. Nimeangalia kalenda ya ukutani. Siku sitini na tatu za mimba yake zinaangukia Ijumaa, kama nilihesabu vizuri tangu lile dume la kule kwenye mawe lilipokuja kufanya ya kwake. Niliweka alama ya penseli siku ile. Baba watoto alipoiona akadhani ni tarehe ya marejesho ya kikoba. Nikamwacha adhani hivyo.

Kona ya stoo iko tayari: kiroba kilichofuliwa, juu yake kanga iliyochanika. Upepo unapiga bati kama unadai kitu.

Alhamisi, 14 Novemba. Usiku, au tuseme alfajiri

Sita. Sita! Mkono unanuka damu na sabuni ya mche, siwezi kulala, bora niandike.

Wa kwanza alitoka saa mbili usiku, mimi nikiwa bado nafunga duka. Mwanangu Kitinda ndiye aliyekuja mbio: "Mama, kuna kitu kimetoka!" Kufika, Hayakuhusu ameshapasua mfuko, ameshakata kitovu kwa meno, analamba kwa nguvu mpaka mtoto anabingirika. Kisha akala kondo. Kitinda akakimbilia nje kutapika. Mimi nahesabu. Bwana mifugo alisisitiza kwenye simu: kila mtoto na kondo lake, uhesabu, moja likibaki ndani ni balaa.

Wa pili, wa tatu, wa nne, bila shida. Wa tano akakawia. Baadaye kimya. Nikajua tumemaliza, nikaenda kuchemsha uji wake. Narudi, nakuta kimefuata kingine, kimelala pale nyuma ya mkia na mama hata hageuki. Amechoka. Mfuko mzima, haujapasuka, ndani mna kitu kama panya.

Nimeupasua kwa kucha. Nimefuta mdomo, puani, nimemwinamisha kichwa chini, nimemsugua kwa kanga. Hakuna. Nasugua. Kitinda kashika tochi ya simu, mwanga unacheza ukutani kwa sababu analia. "Mama, muache, ameshakufa." Sikumuacha. Wala si ujasiri, mikono tu ilikuwa imeshaanza na haijui kusimama. Halafu akafunua kinywa kama samaki. Akanyamaza tena. Halafu akatoa sauti, sauti yenyewe kama bawaba inayotaka mafuta.

Nimemweka kwenye titi la nyuma kabisa, lile lenye maziwa mengi. Kunyonya anajua. Kumbe walizaliwa wakijua.

Kondo sita. Nimehesabu mara mbili.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimewapima kwa mizani ya dukani, kabla sijafungua. Upande mmoja jiwe la robo, upande wa pili mtoto juu ya kitambaa. Wanne wa kwanza wamelivuta jiwe juu bila wasiwasi. Wa tano naye, kwa shida kidogo. Lile dume la kwanza lina gramu mia tatu na ushee, bonge la mtu. Nikamweka huyu wa mwisho. Jiwe la robo halikutikisika. Kwa kweli halikumtambua kama ameingia. Nikatoa robo nikaweka mawe madogomadogo: mia na themanini.

Hafiki robo. Basi, Robo ndiye jina lake.

Jumamosi, 16 Novemba

Madume wawili, majike wanne. Nimempigia Baba watoto Manyoni nikimpa habari kwa furaha zangu. Swali lake la kwanza: "Madume wangapi?" Nikamwambia. Kimya. Kisha: "Hao majike usiwazoee."

Usiwazoee. Kama kwamba mazoea ni kitu mtu anajipangia, kama zamu ya maji.

Madume wote wawili wameshaombwa, hata macho hawana. Mzee wa mbuzi wa kule bondeni anataka Bonge. Fisi wamemla ndama mmoja mwezi uliopita, eti anataka mbwa mwenye kifua. Majike hakuna aliyeuliza. Jike litazaa, jike litaleta madume ya mtaa mzima, jike ni kelele. Na Hayakuhusu je? Si jike? Usiku ule mwizi alipopanda ukuta wa nyuma, nani alimrarua suruali?

Jumatatu, 18 Novemba

Bonge amekufa. Baridi ya alfajiri, upepo umeingia chini ya mlango, wote wamejikusanya kwa mama, mama akalala juu yake. Nimemkuta bapa. Joto bado lilikuwepo kidogo, au lilikuwa la mama.

Mwenye nguvu kuliko wote. Mimi usiku nimeamka mara tatu kumwangalia Robo.

Kitinda amemzika chini ya mpapai, ndani ya shimo lile alilochimba Hayakuhusu wiki iliyopita. Sikumwambia amzike pale. Nimeweka tofali mbili na ubao pembeni mwa ukuta, ili pabaki nafasi mtoto akibanwa apite nyuma. Nilipaswa kuweka siku ya kwanza. Mfugaji wa nguruwe anafanya hivyo kwa nguruwe wake, nimeona kwa macho yangu, sikuwaza.

Hayakuhusu anawalamba watano. Sijui kama naye anahesabu.

Jumatano, 20 Novemba

Aibu yangu leo, nitaicheka siku nyingine.

Jirani yetu Bi Mkubwa amekuja kununua nusu ya sukari. Kitinda, mdomo wake haujawahi kuwa na kitasa, akamwambia: "Bibi, Robo amefika mia mbili na kumi, tumempima hapahapa!" Bi Mkubwa akaangalia mizani. Akaniangalia mimi. Akaangalia sukari iliyoko kwenye sahani ya mizani.

"Mwanangu. Umepima mbwa kwenye mizani ninayokula mimi?"

Nikaanza: Bi Mkubwa, shikamoo, naomba unisamehe, nilitandika kitambaa, nikaosha kwa sabuni... Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Mara saba," akasema, "na mojawapo kwa udongo." Akakaa kwenye benchi, akaweka fimbo magotini, akasimamia. Kitinda akaosha uani, yeye akihesabu kwa sauti: moja, ya udongo hiyo, sugua pembeni; mbili; tatu. Ya nne Kitinda alitaka kuiruka. Akarudishwa.

Baada ya ya saba akanunua sukari yake. Sikutaka kupokea hela, akaiacha mezani. Mlangoni akageuka: "Wamebaki wangapi?" Watano, Bi Mkubwa. "Na mkaa unawatosha usiku? Upepo huu."

Jioni mjukuu wake ameleta jiko la udongo na kopo la mkaa. Nimeliweka mbali na viroba, nimeacha dirisha wazi. Moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu, sembuse hawa.

Na kesho naenda sokoni kununua mizani ya ndoano. Nitawapima ndani ya kikapu.

Jumamosi, 23 Novemba

ROBO AMEFIKA ROBO. Mia mbili hamsini na tano. Wenzake wako karibu nusu kilo, lakini hayo ni ya kwao.

Jumatano, 27 Novemba

Siku ya kupiga kura ya serikali za mitaa. Nimepanga foleni tangu saa mbili, jua la Singida na upepo wake, kinamama tumejifunika kanga usoni kama wezi. Nilikuwa nawaza tu nirudi. Narudi, Kitinda ananisubiri njia panda: "Yule mwekundu amefungua jicho!"

Jicho moja. Lingine bado. Ufa mdogo, ndani rangi ya bluu ya moshi, kama maji ya Ziwa Singidani siku ya mawingu. Haoni chochote, kwa kweli. Nimepitisha kidole, hakufuata. Siku ya kumi na tatu. Kitinda amekaa mbele yake nusu saa akitaka awe mtu wa kwanza kuonwa.

Nani kapita uenyekiti, sijui. Nitasikia kesho dukani.

Jumamosi, 30 Novemba

Dawa ya minyoo, ya maji, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kila mmoja kwa uzito wake. Wametema nusu kwenye sketi yangu. Viroboto nimetoa kwa mkono, kimoja kimoja, nikiviponda kwa kucha. Dawa ya kupulizia bwana mifugo amekataa, bado wadogo mno.

Jumanne, 3 Desemba

Mungu wangu.

Saa kumi jioni Hayakuhusu alikuwa anahema ulimi nje, nikadhani joto. Akaanza kutembeatembea, miguu imekakamaa kama ya mbuzi wa mbao. Halafu akaanguka, anatetemeka mwili mzima, macho yamekodoka. Watoto wanamfuata kunyonya, wanapanda juu ya tumbo lake linalotetemeka. Nikajua ni kichaa. Kichaa cha mbwa! Nikambeba Kitinda kumtoa nje, mtoto wa darasa la tano, sijui nimembebaje.

Bwana mifugo kaja na pikipiki. Akamwangalia, akaniuliza ana wiki ngapi tangu azae, ananyonyesha wangapi, anakula nini. Ugali, nikasema. Dagaa. Na mlenda ukibaki. Akatikisa kichwa. Si kichaa. Maziwa yamemaliza kalsiamu yote ya damuni, anawapa watoto asichokuwa nacho. Akamchoma kwenye mshipa wa mguu, polepole, polepole mno, huku anasikiliza moyo. Alisema ukiisukuma haraka unausimamisha. Mimi nimeshika kichwa. Dakika zile sikuziweza.

Kutetemeka kukapungua kama mvua inavyoondoka. Akameza mate. Akalala.

Anawapa asichokuwa nacho. Sentensi hiyo imenikaa.

Usiku wa leo hawanyonyi. Nimenunua maziwa ya mbuzi kwa mzee wa bondeni, nimechanganya na kiini cha yai maana maziwa ya mbwa ni mazito kuliko haya, na nawanywesha kwa lile bomba. Tumbo chini, si chali. Nilitaka kumlaza Robo chali mkononi kama nilivyomlea Kitinda, bwana mifugo akanizuia: maziwa yataingia mapafuni. Watano, kila baada ya saa tatu. Na baada ya kula, kitambaa cha maji ya vuguvugu, kuwapangusa chini wapate kukojoa. Wakubwa wameshaanza kukojoa wenyewe. Robo bado anasubiri apanguswe, kama mtoto wa mfalme.

Mzee wa mbuzi hakuuliza chochote kuhusu Bonge. Alijaza tu kopo mpaka juu.

Jumatano, 4 Desemba

Nimelala kwa saa mbili labda. Kwenye duka nimemrudishia mteja chenji zaidi, kaiona mwenyewe, kairudisha. Hayakuhusu anasimama. Anakula ini. Ini! Mimi mwenyewe sijala ini tangu Pasaka.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua kubwa ya kwanza. Radi ikapiga juu ya yale mawe na wote watano wakaruka pamoja. Mvua ndogo ya wiki mbili nyuma ilipiga bati kama ngoma, walilala fofofo. Kumbe hawakuwa wanasikia. Masikio yamefunguka sasa, na kitu cha kwanza kikubwa walichokisikia duniani ni radi ya Singida. Poleni.

Robo alibweka. Radi ilipiga, naye akaijibu! Kisha akaanguka kwa nguvu ya sauti yake mwenyewe.

Jumatatu, 9 Desemba

Uhuru. Duka nusu siku. Uji wa uwele na maziwa kwenye sinia. Wameingia miguu yote minne, wamekanyaga, wamepiga chafya, mmoja amelala ndani ya uji. Meno yametoka, kama sindano. Hayakuhusu sasa ananyonyesha amesimama, akiumwa anaondoka zake nao wamening'inia. Naelewa, mama. Naelewa kabisa.

Ijumaa, 20 Desemba

Dume aliyebaki ameshachukuliwa kwa maneno, wenyewe watamfuata mwakani. Majina ya majike wengine: Kitinda amepewa ruhusa na ameitumia vibaya. Mwekundu anaitwa Chapati. Wengine ni Mtaniona na Yatapita. Nikamuuliza haya ya mafumbo kayatoa wapi. "Si kwako, mama." Kweli. Nilimwita mama yao Hayakuhusu siku ile nilipomtoa kwenye boksi pale mnadani, maana kila niliyepishana naye njiani aliuliza, huyo jike wa nini? Nikawa najibu, hayakuhusu. Nilipofika nyumbani tayari alishazoea.

Watu wanakuja kuangalia. Nawavulisha viatu mlangoni kama msikitini. Ugonjwa wa kuharisha damu unaingia kwa soli, na chanjo yao ni wiki ijayo. Wengine wananuna. Anainua mtoto, anageuza, anaangalia chini, anarudisha. "Ah. Jike." Mara kumi na moja leo na jana. Nimehesabu.

Jumatano, 25 Desemba

Baba watoto amefika usiku. Chakula, salamu, habari za njia. Hakuuliza. Mimi pia sikusema. Nilishapanga maneno yangu yote tangu Jumapili, yamekaa kooni kama punje ya mtama.

Asubuhi akasema, mbele ya chai: "Kiroba kimoja kinawatosha. Nikipita mnadani nawaacha, watu wataokota." Akasema kwa upole, ndicho kilichoniuma. Nikamwambia, hata Hayakuhusu aliachwa mnadani, na mwaka mzima nyumba imelindwa na nani wewe ukiwa Manyoni? Hakujibu. Nikaenda kanisani na hasira yangu, nikarudi nayo.

Saa tano usiku nimeamka, hayupo kitandani. Yuko stoo. Amechuchumaa gizani na tochi ameielekeza chini, Robo anaivuta kamba ya kiatu chake, na yeye mtu mzima na ndevu zake anaivuta taratibu, amwachie, avute, amwachie. Nimerudi kulala. Hajui kama nimemwona.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Wiki nane zimepita. Dume ameondoka. Chapati ameondoka. Aliyemtaka Chapati sitamsahau.

Bi Mkubwa. Si kwa nyumba yake, la, kwa mpwa wake aliyeko Ikungi, mwenye mbuzi. Alisimama upande wake wa ukuta, kanga imekazwa. Akasema mbwa wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, hilo halina ugomvi. Akasema alikuwepo mtu zamani, kamkuta mbwa analamba tope kwa kiu, akashuka kisimani akajaza maji kiatuni kwake, akamnywesha, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. "Kwa maji ya kiatu," akasema. "Sembuse ini." Kumbe habari za ini zilimfika. Kitinda.

Nikamwambia, lakini ni jike, Bi Mkubwa.

"Mimi nani?" akasema, akaingia ndani.

Mpwa wake kaja na boksi lenye matundu na majani. Kaandika kwenye simu tarehe ya chanjo ya pili. Hayakuhusu alilifuata basi mpaka kituo cha mafuta, kisha akageuka mwenyewe. Leo nimempa yai.

Jumatatu, 27 Januari

Mtaniona yuko kwa mlinzi wa shule. Yatapita kachukuliwa jana na binti anayepika mihogo pale stendi, kaniuliza jambo moja tu, anakula nini. Robo hakuna aliyemtaka. Mdogo, jike, na jicho moja linatoa machozi. Au niliwaambia watu ameshapata mwenyewe. Sikumbuki vizuri.

Ijumaa, 14 Februari

Miezi mitatu. Chanjo ya kichaa. Tulikuwa foleni chini ya mwarobaini, watoto na mbwa wao kwenye kamba za katani, mmoja amefungwa kwa tai ya shule. Bwana mifugo anawaeleza watu ileile kila mara: mbwa sabini katika mia wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia; mtu akishaanza dalili hakuna dawa; ukiumwa osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano na ukimbie hospitali siku hiyohiyo. Mzee mmoja akauliza kama majike nao wanaumwa kichaa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nimemuuliza na ile habari ya kumfunga Hayakuhusu kizazi. Anaweza, asubuhi moja, asile tangu usiku. Hela ya kikoba nitaipata Jumatano. Baba watoto nimemwambia kwa simu, akasema, "Na huyo mdogo naye, akikua." Huyo mdogo. Jina analijua.

Kadi mbili za chanjo, zimekaa hapa mezani, wino haujakauka sawasawa. Ya kwanza: Hayakuhusu, jike, miaka minne. Ya pili: Robo, jike, miezi mitatu, kilo nne na nusu. Mmiliki: mimi.